Mkuku na Mirengu: Kuutafuta Upepo Kutoka Kijichi hadi Kunduchi

Mtu anaweza kuishi Mbagala mwaka mzima asiione bahari mpaka apate safari ya Kivukoni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wetu bahari tunaijua kwa samaki wake sokoni, kwa fukuto lake la mwezi wa Februari na kwa matembezi ya Idi pale ufukwe wa Coco. Kuvuka tunavuka, ila kwa injini: pantoni ya Kigamboni, boti ya Zanzibar. Tanga tunaliona kwa mbali tu likipita mbele ya meli za makasha, na hatujiulizi anayelishika alifundishwa na nani.

Mimi nilitaka kufundishwa. Sikuwa na ndoto ya kufika Comoro. Nilitaka kutoka asubuhi na kurudi jioni, nikiwa nimeshika usukani mwenyewe. Katika nchi nyingi mtu mzima anayeanza kazi hii hupandishwa mashua ndogo yenye mkuku mzito, yaani uti wa chini uliotiwa uzito, ya mita sita au saba, inayotosha watu watatu au wanne. Kwetu, mtoto wa mvuvi huanza na ngalawa. Basi nikaamua kuupitia ufukwe wa jiji kutoka upande wangu wa kusini hadi kaskazini, na kila penye vyombo niulize swali hilohilo: asiyejua kitu aanze na kipi?

Kijichi

Nilianzia Mtoni Kijichi, wilayani Temeke, ambako bahari imeingia ndani ya nchi kwa mkono mrefu wenye mikoko kila upande. Hapa hakuna wimbi wala mchanga mweupe. Kuna tope, kuna kaa, kuna mitumbwi ya kuchonga iliyofungwa kwenye mizizi, na juu ya ukingo kuna nyumba ambazo kila nikipita naziona zimesogea karibu zaidi na maji. Wazee wawili walikuwa wakishona nyavu kivulini.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikawaeleza kilichonileta. Mmoja alicheka, akanyoosha kidole kwenye mtumbwi. Tanga la nini hapa? Hapa ni kafi na upondo. Lakini hakuniacha niondoke mikono mitupu. Aliniuliza mwezi una siku ngapi, yaani mwezi wa angani, na nilipomjibu akanipa somo ambalo sikulitarajia kwa mtu asiye na tanga.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Siku hizo hukauka kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri, na mkono wote wa Kijichi hubaki mfereji mwembamba katikati ya tope. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Baada ya juma moja yanakuwa maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, kisha mzunguko unaanza upya. Mwenye kujua hilo haangalii saa ya mkononi. Anajua mtumbwi wake utaelea lini na utakaa lini.

"Ujue maji kwanza," alisema mzee. "Upepo utakufundisha wenyewe."

Kuhusu upepo sikuafikiana naye, na bado siafikiani. Kuhusu maji, swali lake ndilo lililokuja kuamua hoja yote, kwa sababu maji haya yanayoondoka mara mbili kwa siku ndiyo yaliyochonga umbo la kila chombo nilichokikuta njiani.

Mjimwema

Kutoka Kijichi nilichukua bajaji hadi Kurasini, nikavuka Daraja la Nyerere, mita 680 za saruji na nyaya zilizofunguliwa Aprili 2016. Ukiwa juu yake unaiona bandari kwa ndani: winchi, makontena, meli zimelala ubavu kwa ubavu. Kigamboni ilikuwa sehemu ya Temeke mpaka ilipofanywa wilaya kamili katikati ya muongo uliopita, na watu wazima bado wanaiita ng'ambo.

Mjimwema ni pwani ya wazi. Kusi ilikuwa imekaza, wimbi linavunjika nje kwenye mwamba na mabaki yake yanatambaa hadi mchangani. Ngalawa zilikuwa zimerudi na vijana walikuwa wakizivuta juu kwa magogo ya kuviringisha, mtu mmoja omo, wawili kwenye mirengu. Nilipata muda wa kuitazama ngalawa kwa makini, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya maisha yangu yote ya Dar.

Mwili wake ni gogo moja, mara nyingi la mwembe, lenye urefu wa mita tano au sita na wembamba wa kutisha: mtu mzima akikaa ndani magoti yanagusa kuta zote mbili. Gogo hilo peke yake likitiwa tanga litapinduka kabla hujamaliza kufunga kamba. Kinacholiokoa ni mirengu miwili iliyokatiza juu yake, na kwenye ncha za mirengu, kulia na kushoto, ndubi. Nilidhani ndubi ni vipande vya kuelea tu. Nilipoinama nikaona ni mbao bapa zilizowekwa kwa kuinamishwa. Chombo kinapokimbia, ubao wa upande ulioelemewa hugonga maji na maji yakausukuma juu, kama mtu aliyeteleza akajitegemeza kwa kiganja. Kwa hiyo ngalawa hutulia zaidi inapokwenda kasi kuliko inaposimama, na mvuvi anayekamatwa na dhoruba hatamani kusimama.

Umbo hili limesafiri. Vyombo vyenye mirengu viko Comoro, viko Madagaska, viko Indonesia, na wataalamu kama James Hornell walishaandika mwanzoni mwa karne ya 20 kuhusu undugu wa ngalawa zetu na vyombo vya huko mashariki. Lugha ya Kimalagasi nayo ina asili ya visiwa vya Indonesia. Waliokuja kutoka huko hawakuleta mkuku mzito, na sababu ilikuwa mbele yangu: chombo cha pwani hii lazima kikubali kukalishwa mchangani na kuondolewa tena mchangani, kila siku, kwa mikono ya watu.

Tanga la ngalawa ni pembetatu iliyofungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inia mlingotini kwa mshazari. Lina nguvu ya ajabu upepo ukiwa wa nyuma au wa ubavuni. Tatizo lake kwa mgeni liko kwenye kugeuka. Nahodha wa foromali hapendi kuupasua upepo kwa mbele. Humgeuza mnyama wake kwa nyuma ya upepo, na tanga zima na mti wake huvushwa kupita mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Hilo linataka mikono iliyozoeana. Kijana mmoja aliyekuwa akikunja kamba alinitazama viatu kisha akanitazama usoni.

"Mama, hapa ukichelewa kuachia demani, hii kamba ya tanga, unaoga."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, lakini nilimuamini. Nikaanza kuelewa kwa nini wao walianza wakiwa na miaka saba au minane.

Nilirudi mjini kwa pantoni. Mlango wa bandari ni mwembamba, na ndani yake hupishana meli za mizigo, boti za mwendo kasi, pantoni zenyewe na mitumbwi ya wavuvi. Pale si mahali pa kujifunzia chochote chenye tanga. Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliposikia ninatafuta nini aliguna, akasema mtu mwenye akili zake haifuati bahari, anaisubiri imfuate. Hofu hiyo haikutoka hewani. Tarehe 18 Julai 2012 boti ya abiria MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar katika msimu kama huu wa kusi na ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Tangu hapo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, hata watu wa Mbagala wasio na safari hupunguza sauti ya redio nyingine wasikilize.

Msasani

Rasi ya Msasani imechomoza kuelekea kaskazini, na upande wake wa magharibi imeacha ghuba tulivu. Katika miezi ya kusi rasi hupokea mawimbi yote mgongoni; ndani ya ghuba maji hubaki laini huku upepo ukipita juu ya minazi na majumba na kushuka kwenye matanga ukiwa bado na nguvu. Kaskazi ikiingia, kuanzia kama Desemba, mambo hugeuka kwa sababu ghuba imeufungulia mlango upande huo. Ndiyo maana watu wa tanga wamekaa hapa siku nyingi. Kijiji cha wavuvi kipo, na Dar es Salaam Yacht Club ipo kwenye ghuba hiyohiyo, na katikati yao kuna mahoteli. Asubuhi moja unaweza kuona ngalawa ikirudi na samaki, vyombo vya mwili pacha vya aina ya Hobie vikikimbizana, na visanduku vya watoto viitwavyo Optimist vikizunguka boya moja kama vifaranga waliopotezana.

Mashua niliyoifuata ilikuwa imefungwa kwenye boya mbali kidogo na pwani. Mwenyewe ni mhandisi mstaafu, mkazi wa Kinondoni, ambaye mfanyakazi mwenzangu aliniunganisha naye. Tulikifikia chombo chake kwa kihori, maana mashua hiyo haiji pwani na haitakuja.

Nilipopanda juu aliniambia nisimame ukingoni kabisa, upande mmoja, na nijitwike uzito wangu wote. Nilisita kwa sababu ya yale magogo ya Mjimwema. Mashua iliinama kidogo, ikakataa kuendelea. Nilirukaruka. Ikakataa.

Siri iko chini. Chukua mashua inayojulikana kuliko zote katika ukoo huu, J/24, iliyochorwa na Mmarekani Rod Johnstone katika miaka ya 1970 na kuundwa kwa zaidi ya vyombo 5,000. Ina urefu wa mita saba na kidogo, na uzito wa kilo 1,400 hivi. Kati ya hizo, kilo 430 hivi zimo kwenye mkuku unaoshuka mpaka mita 1.2 chini ya maji. Upepo unapoisukuma mashua ilale, uzito ule hutolewa pembeni, na kadiri inavyozidi kulala ndivyo uzito unavyozidi kuivuta isimame. Wakati huohuo tanga lililolala linaumwaga upepo wenyewe. Nguvu ya kulaza inapungua, nguvu ya kusimamisha inaongezeka, na baharia hajafanya lolote.

Ngalawa na mashua ya mkuku zinajibu hofu moja kwa njia zilizo kinyume. Ngalawa imepanua mikono. Mashua ya mkuku imeshusha uzito. Ngalawa inakupa utulivu mkubwa mwanzoni, mara tu unapoinama, lakini ndubi ikizama kabisa imekwisha kazi. Mashua ya mkuku inakuachia uiname, hata uogope kidogo, na hapo ndipo inapoanza kupigana.

Kwa mwanafunzi tofauti hiyo ni kubwa. Katika vyombo vidogo visivyo na mkuku mzito, uzani ni mwili wa baharia: anaruka huku, ananing'inia kule, akichelewa anaogelea. Kijana wa miaka kumi na mitano hulipenda hilo. Mtu wa makamo mwenye goti linalouma halipendi. Waingereza walilijua hilo tangu 1947, Uffa Fox alipochora Flying Fifteen, mashua ya mita sita yenye mkuku mdogo wa chuma lakini yenye mbio. Ushahidi mzito zaidi ni Sonar ya Bruce Kirby, mchoraji yuleyule wa Laser: kuanzia Michezo ya Paralimpiki ya 2000 hadi ile ya 2016, mabaharia wenye ulemavu walishindania medali ndani yake, watatu watatu. Chombo kisichodai mwili mwepesi kinaweza kumpokea karibu kila mtu.

Mwalimu wangu hakunifundisha majina kwanza. Alinipa kana ya usukani, akaniambia nisukume kushoto. Omo ikaenda kulia. Sukuma kulia. Ikaenda kushoto. Tukafanya hivyo mpaka mkono ukaacha kuuliza kichwa. Kisha akaniambia nifumbe macho nigeuze uso mpaka upepo usikike sawa katika masikio yote mawili. Nilipofumbua nilikuwa ninatazama mahali ulikotoka. Upande huo, aliniambia, hakuna chombo cha tanga kinachokwenda moja kwa moja. Mashua ya mkuku itakaribia mpaka kama digrii 45, kulia au kushoto kwake, na anayetaka kufika huko hana budi kubisha: kwenda mshazari, kugeuka, kwenda mshazari tena.

Kugeuka kwenyewe ndiko kulikonistaajabisha baada ya maneno ya Mjimwema. Hapa hakuna mti wa kuvusha. Unasukuma kana kuelekea tanga lilipo, omo inapita kwenye upepo, tanga kuu linavuka lenyewe, tanga dogo la mbele linaachiwa upande huu na kukazwa upande ule. Unainama kidogo usigongwe na mti wa chini wa tanga, unahamia upande wa pili, umekwisha. Ukifanya vibaya mashua inasimama katikati, matanga yanapigapiga, nawe una muda wa kufikiri. Ukitishika, unaachia kamba zote. Mwalimu aliniamuru niachie kana pia. Mashua ikageuza uso wake yenyewe kuelekea kwenye upepo, ikapunguza mwendo, ikasimama na kutikisika. Hakuna aliyelowa.

Tulielekea kisiwa cha Bongoyo. Kufika alasiri nilikuwa nimeanza kuona upepo kabla haujatufikia: bato jeusi juu ya maji linalokuja mbio, nami nalegeza tanga kabla mashua haijalala. Kwa jambo hili sikubaliani na mzee wa Kijichi. Upepo hautakufundisha wenyewe kama chombo chako hakikupi nafasi ya kuukosea. Mkuku mzito unanunua nafasi hiyo.

Kisha tukafika kisiwani, na mzee akachukua ushindi wake. Bongoyo, pamoja na Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na fukwe zake ni za kina kifupi. Maji yalikuwa yanaondoka. Ngalawa moja ilitupita ndani kabisa, mahali ambapo mtu angesimama maji yakamfika magotini, ikapanda mchanga na abiria wake wakashuka na vikapu. Sisi tulitia nanga mbali. Mwalimu alitazama alama za maji kwenye jiwe, akatazama jua, akasema tuna saa moja na nusu tu, maana mkuku ukikaa chini mashua italala ubavu kwenye mwamba na kusubiri bahari irudi usiku. Tuliogelea, tukala chapati, tukang'oa nanga.

Jioni, tukirudi, alinieleza upande wa pili wa hesabu. Mashua ya mkuku inataka boya lake na mnyororo wake, inataka mtu wa kuikwangua chini kila baada ya muda kwa sababu viumbe vya bahari hujibandika, inataka mtambo wa kuinyanyua ikitaka kupakwa rangi. Ikivunjika kifaa, kifaa hicho hakiuzwi Kariakoo. Hazipo nyingi hapa, na sababu si uvivu wa watu wa Dar. Ufukwe wenyewe haukuzialika.

Kunduchi

Nilipanda daladala ya Tegeta, nikashuka Mtongani, bodaboda ikanifikisha pwani. Kunduchi kuna magofu ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi ya nguzo ambayo yalipambwa kwa bakuli za Kichina, ushahidi kwamba watu wa hapa walikuwa na jamaa wa ng'ambo kabla ya Dar es Salaam kuwa na jina. Chini ya magofu, sokoni, mnada wa samaki ulikuwa umefika mwisho. Boti za injini zilikuwa zikipakia watalii wa ndani kwenda Mbudya. Nikasema mimi nataka tanga.

Walinionyesha nahodha mmoja, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye ngalawa na msaidizi. Alinipima kwa macho, akauliza kama najua kuogelea. Nikamjibu ndiyo. Akaniuliza kama nina jaketi okozi. Nilikuwa nalo la kuazima Msasani. Akalishika, akalisifu, akasema lake ni madumu mawili yaliyofungwa kamba. Tukakubaliana bei ya kwenda Mbudya, na juu yake bei ya mimi kushika usukani.

"Nikufundishe kweli, mama, au nikupe ushike tupige picha?"

"Nifundishe, mwanangu."

Hapo niliona faida ya siku ya Msasani. Bato jeusi la upepo nililijua. Nilijua kulegeza kabla ya kulala na kukaza baada yake. Kijana alinyamaza kidogo, akauliza nimejifunzia wapi. Lakini yaliyobaki yote yalikuwa mapya. Farumi ya ngalawa, yaani uzito wa kuituliza, ilikuwa sisi wenyewe na mfuko mmoja wa mchanga. Upepo ulipoongezeka msaidizi alitembea juu ya mrengu, miguu mitupu juu ya mti uliolowa, akakaa kule nje mpaka ndubi ikatulia. Hakuna aliyemwambia. Tulipotaka kugeuka, nahodha alichukua usukani, nami nikapewa kazi ya kuinamisha kichwa wakati foromali ikivushwa. Nilitii.

Na nahodha alisoma maji. Buluu iliyokolea ni kina. Kijani chepesi ni mchanga, pita. Kahawia ni nyasi au mwamba, na tofauti yake aliijua kwa namna wimbi linavyoinua mgongo. Tulipita juu ya fungu ambalo mkuku wa Msasani ungelikwama mpaka kesho yake, tukaingia nyuma ya Mbudya ambako kisiwa kinakinga wimbi, na hapo akaniachia usukani kwa muda mrefu. Ngalawa haisamehi kwa upole. Kila kosa la mkono lilijibiwa papo hapo kwa kishindo cha ndubi na maji usoni. Lakini kwa kuwa mkono ulishajua unatafuta nini, kishindo kilikuwa maelezo, hakikuwa adhabu.

Nilimuuliza alivyojifunza. Alianza na mjomba wake, akiwa mtoto wa kukumba maji chomboni. Alikumba maji, akapanda cheo akashika demani, akakaa juu ya mrengu, na siku moja mjomba akalala usingizi njiani kwa makusudi akamwachia usukani. Hakulipa ada na hana cheti. Ilichukua utoto wake wote.

Mtu mzima hana utoto wa pili wa kutoa. Hilo ndilo jibu la swali langu, kwa upande wake mmoja. Anayeanza ukubwani aanze na mkuku mzito akibahatika kuupata, kwa sababu alasiri chache humpa ule ujuzi wa upepo ambao mtoto wa Kunduchi hupewa kwa miaka. Kisha ashuke kwenye ngalawa ajifunze maji, kwa sababu ufukwe wa Dar es Salaam ni wa maji yanayoondoka, na asiyeyajua atakuwa mgeni hapa hata akiwa na mashua ya bei gani.

Upande wa pili ni kwamba mikuku ni michache, ngalawa ni nyingi, na walimu wa ngalawa wako pwani kila siku wakisubiri abiria. Kinachokosekana ni kidogo. Jaketi okozi zinazotosha kila aliyemo chomboni. Chombo kilichokaguliwa: TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, ndilo lenye jukumu la usalama wa vyombo vidogo, kwa hiyo mlango wa kubisha unajulikana. Mahali pa kinga, ndani ya ghuba ya Msasani wakati wa kusi au nyuma ya Mbudya. Na msimu: maleleji, pale upepo unapobadilika kati ya kusi na kaskazi, huvuma mwepesi na kubadili nia, na ndio wakati mzuri wa mkono usiojua kitu. Katikati ya kusi ya Julai mwachieni nahodha.

Kwa hiyo ukienda Mbudya mwaka huu, usipande boti ya injini moja kwa moja. Uliza ngalawa. Tazama mwezi una siku ngapi kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu siku ya bamvua saa nne asubuhi utakuta tope. Sikiliza utabiri. Mwambie nahodha mapema kwamba unalipia vitu viwili, nauli na somo, na bei ya somo mpatane kabla chombo hakijaelea. Ukifanya hivyo wewe, na mwingine, na mwingine tena, yule kijana wa Kunduchi atanunua jaketi za pili na za tatu bila kuambiwa na mtu, na Mbagala itakuwa na watu wanaojua kwa nini tanga limelala upande ule.